Zawadi ya Mchumba Hairudi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wa Kasuku. Simu ilikuwa inaita kwa ajili yangu, lakini aliyejifunga upya kitambaa kichwani alikuwa yeye.

Hakuna mwingine aliyeona. Shangazi alikuwa ameikodolea macho ile simu mpya juu ya meza ya kupigia pasi, inatetemeka na kujisogeza kidogo kidogo kama mende aliyelala chali.

Mliokuwa nami wiki jana mnajua niliwaacha wapi: kidole changu kiko hewani, alama ya kijani inarukaruka chini yake, na Shangazi ananiungurumia mgongoni, “Pokea! Mchumba hasubirishwi!”

Na wewe uliyeushika ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, sogea nikunong'oneze usije ukapotea.

Sisi ni madobi. Tunafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli za jirani, na nguo za yeyote anayepita. Mchumba wangu ni fundi wa lifti, yuko mji wa mbali. Aliniona mara moja tu, siku alipoleta ovaroli zake kufuliwa. Alinitazama, mimi nikatazama ndoo, akaondoka. Baadaye akamtuma baba yake mdogo kuja kuniposa. Tangu hapo anapiga kila jioni kwenye simu ndogo ya Kasuku, binti wa Shangazi, maana mimi sikuwa na simu.

Na kila jioni anayeongea naye ni Kasuku.

Hamwambii kwamba yeye ni Kasuku. Anaongea akiwa mimi. Siku ya kwanza nilipewa simu nikasema “Haloo,” koo likaziba hapo hapo. Kule akauliza, “Mtandao mbaya?” Kasuku akaninyang'anya. “Sasa je, unanisikia?” Tangu siku hiyo mtandao haukuwahi kuwa mbaya tena.

Shangazi hakujua. Fundi hakujua. Na sasa fundi alikuwa ametuma simu kubwa, ya kuonana uso kwa uso. Sura aliyoikumbuka ni yangu. Sauti aliyoizoea ni ya Kasuku. Nikipokea, sura na sauti lazima vitoke kwa mtu mmoja.

“We mtoto, umeota mizizi?” Shangazi alinisukuma bega.

Nikagusa.

Kioo kikawaka. Nikaona kidevu cha mwanaume, na pembeni yake bega la mwanamke na nusu ya miwani. Halafu kwenye kona ya kioo likatokea doa jeusi, dogo kama tone la wino.

Likavimba. Likala bega. Likala miwani. Likala kidevu. Nikabaki nimeshika ubao mweusi unaoongea.

“Mbona hivi?” ilikuwa sauti yake. “Mama, unamwona mkweo?”

“Naona ukungu,” alijibu mwanamke. “Kwani yuko bafuni?”

“Haloo? Upo? Kama hatukuoni, basi sema neno tukusikie.”

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Ulimi ulikuwa umelala mle ndani kama shuka lililoloa, mzito, hauinuki.

“Nipo, mpenzi,” ikasema sauti tamu nyuma ya sikio langu. “Simu ndiyo imetuangusha. Mama, shikamoo!”

Kasuku huyo.

“Marahaba, mwanangu,” mama mkwe akafurahi. “Sauti nzuri hivi, sura itatushinda?”

Shangazi aligeuka polepole. Akamtazama binti yake. Akanitazama mimi. Akamrudia binti yake. Mkononi alikuwa na pasi, na pasi ilikuwa imelala juu ya foronya ya hoteli, na foronya ilikuwa imeanza kunuka.

“Sikiliza,” fundi alisema. “Kesho asubuhi ipelekeni kwenye tawi la huko la duka nililonunulia, wabadilishe. Jumamosi mama na baba mdogo wanakuja huko kuweka siku ya harusi. Nilitaka mama amwone mke wangu kwanza.”

“Kesho mapema, mpenzi,” alisema Kasuku. “Usijali kabisa.”

Simu ikakatika. Moshi ukapanda.

“Mama, foronya!” Kasuku alipiga kelele.

“Achana na foronya!” Shangazi aliinua pasi. Chini yake palikuwa na alama ya kahawia. “Tangu lini?”

Kasuku akaanza kuikunja foronya iliyoungua.

“Nauliza, tangu lini mchumba wa huyu anaitwa mpenzi na wewe?”

“Mama, yeye haongei! Ungetaka fundi aongee na ukuta?”

“Na wewe?” Shangazi alinielekezea pasi kama askari mwenye bunduki. “Umekaa unamtazama mwenzio anachumbiwa badala yako?”

“Nilidhani nitazoea,” nilisema.

“Utazoea! Watu wanaoana huku wewe unazoea!”

Akakaa juu ya rundo la mashuka. Nilingoja matusi. Nilingoja aseme tumpigie fundi saa hiyo hiyo tumweleze ukweli, na ndani yangu kitu kimoja kilikuwa kinaomba aseme hivyo, afanye yeye nisifanye mimi.

Badala yake aliichukua simu mkononi mwangu, akaigeuzageuza.

“Bora imeharibika,” alisema taratibu. “Mungu ana njia zake.”

Nikaichukua tena, nikaisogeza puani. Kila kitu hapa kwetu kinanukia wanga na sabuni, lakini simu mpya? Nikaangalia jicho la kamera. Ndani ya kioo chake kulikuwa na mvuke, vitone vidogo vidogo kama vya kwenye mfuniko wa sufuria.

“Shangazi,” niliuliza, “simu ililala wapi jana?”

“Pale tunapoweka vitu vyote. Ndani ya mashuka.”

Ni kweli. Nyumba yetu haina kasha wala kufuli. Hereni za Shangazi, vyeti vya kuzaliwa, kila cha thamani tunakilaza katikati ya mashuka yaliyokunjwa, kwa sababu hakuna mwizi mwenye subira ya kukunjua mashuka ya watu.

“Yalikuwa yamepoa?”

“Yapoe wapi? Yalikuwa yametoka kwenye pasi, bado yanafuka. Nikasema simu ipate joto, imetoka safari.”

Kasuku alicheka hadi akashika ukuta. “Mama umeipika! Umeichemsha simu ya watu!”

“Nyamaza! Ingekuwa nzima, saa hizi sote tungekuwa tumeumbuka.” Shangazi alisimama. Uamuzi ulikuwa umeshakaa usoni kwake. “Kesho mnakwenda dukani. Mtasema imeharibika, na mtasema mnasubiri nyingine. Mnasubiri, mmenielewa? Msirudishe. Zawadi ya mchumba hairudi. Ikirudi, na mchumba amerudi.”

“Na Jumamosi?” niliuliza.

“Jumamosi utainama. Mbele ya mkwe, binti akiinama kimya anasifiwa, anaambiwa ana adabu. Siku ya harusi itawekwa. Simu nyingine ije isije, wewe utakuwa mke wa mtu.”

“Na sauti?”

“Akishakuoa atajua una sauti ya panya. Atavumilia. Wanaume wanavumilia mengi, ila hawapendi kuambiwa mapema.”

Usiku huo nililala bila kugeuka. Mpango wa Shangazi haukuwa na tundu hata moja. Hilo ndilo lililonitisha.

* * *

Asubuhi tulitoka, mimi na Kasuku. Boksi la simu alilibeba yeye, amelikumbatia kifuani.

Hatujafika hata kona ya pili, simu yake ndogo ikaita. Hakuangalia ni nani. Alijua.

“Nisubiri hapa, Dada,” alisema, akaninyooshea boksi. “Nimtulize kwanza.”

Akasogea hadi kwenye ukuta wa duka la vioo, akaegemea. Zamani alikuwa anaongea naye mbele yangu, tumekaribiana, sikio langu kwenye sikio lake, nasikia kila kitu. Sikumbuki ni lini alianza kusogea.

Mtaa ulikuwa na kelele za pikipiki. Zilipokatika, upepo ukaniletea maneno yake.

“Hata mimi nimekuota,” Kasuku alikuwa anasema. “Kweli tena. Ulikuwa umebeba mwavuli, na mvua hakuna.”

Akacheka chini chini, amefumba macho.

Mimi sijawahi kumsimulia Kasuku ndoto yoyote. Wala sijawahi kuota mwavuli. Ile ndoto ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameegemea ukuta wa duka la vioo.

Aliporudi sikumpa boksi.

“Vipi? Twende.”

“Umemwota?”

“Nini?”

“Umemwambia umemwota na mwavuli.”

“Aa, Dada! Ni maneno. Mtu akikwambia amekuota utamjibu asante?”

“Umemwota?”

Kasuku ana jibu la kila mtu. Wateja wakija na hasira ya kifungo kilichopotea wanaondoka wanacheka. Asubuhi hiyo alitazama viatu vyake.

“Na kama nimemwota?” alisema mwishowe. “Nimemwibia nani? Wewe humtaki.”

“Nani kakwambia?”

“Umewahi kusema unamtaka? Niambie siku moja tu. Baba mdogo wake alipokuja ukaulizwa, ukainamisha kichwa, Mama akasema huyo amekubali. Mimi nikikuuliza, unaning'iniza nguo. Kiti kikikaa wazi, mtu atakikalia, Dada.”

“Anajua mimi ndiye niliyekaa.”

“Anajua sauti! Kila jioni anachekeshwa na nani? Siku aliyougua nani alimpa pole hadi akalala?” Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti haikutetemeka. Sauti yake haitetemeki. “Sikutaka iwe hivi. Nilikuwa nakusaidia. Nikaja kujikuta nangoja jioni.”

“Sasa unataka nini?”

“Tusubiri tu simu nyingine. Nipe siku hizo. Wewe utaolewa, mimi nitanyamaza. Lakini nipe siku hizo.”

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ningeweza kugombana naye kama angetaka kuninyang'anya. Lakini alikuwa ananiomba jioni zangu, chache tu zilizobaki, na kwa macho yale nilikuwa karibu kumpa.

Nataka niwaambie kwa nini sikumpa.

Kuna jioni moja fundi alisimulia kazi yake. Sikio langu lilikuwa pale. Alisema lifti ikikwama na mtu ndani, watu wa nje wanapiga kelele, wanatafuta ufunguo, wanalaumiana. Yeye hafanyi hivyo. Anapiga magoti kwanza kwenye mlango na kumsemesha aliye ndani. Anamuuliza ametoka wapi, anakwenda wapi, ana watoto wangapi. “Mlango utafunguka tu,” alisema, “ila mtu akijiona peke yake gizani anaweza kufa kabla haujafunguka.”

Kasuku alijibu kwa mzaha, “Basi siku nikikwama usije na bisibisi, njoo na hadithi,” wakacheka wote wawili.

Mimi sikucheka. Nilikwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Kwa sababu nilikuwa nimekwama tangu utotoni, na mtu alikuwa amepiga magoti mlangoni, na aliyekuwa anamjibu hakuwa ndani ya lifti.

* * *

Dukani palijaa. Nyuma ya kaunta alikaa kijana mwenye ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, anautumia kufungulia vifuniko vya simu. Nitamwita Ukucha.

Aliifungua ile simu, akainusa.

“Mbona inanukia nguo?”

“Sisi ni wasafi,” alijibu Kasuku.

“Usafi wa hivi sijauona. Iliingia maji?”

“Maji yatoke wapi? Tumeifungua, tumepokea simu moja, ikafa. Na picha inaonyesha ukungu. Mmetuuzia simu yenye mafua.”

Watu wa foleni wakacheka. Ukucha naye akatabasamu, na swali lake likapita. Ndivyo Kasuku anavyofanya. Mimi nilitazama sakafu na kusikia uso wangu unawaka, kwa sababu ule uwongo mdogo nao ulisemwa kwa niaba yangu.

“Haya, sina nyingine ya aina hii,” alisema Ukucha. “Zimekwisha. Mna njia mbili. Mnasubiri mzigo mpya, nyingine ikija mnaitwa. Au mnairudisha leo, hela inarudi kwa aliyelipa.”

“Mzigo unakuja lini?” Kasuku aliuliza.

“Ukifika.”

“Jamani, si useme hata wiki!”

“Dada yangu, nikikudanganya wiki utakuja kunitukana. Ukifika, umefika.”

“Na tukisubiri, halafu tukabadili mawazo?”

“Hapana. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha. Ukishasubiri, umesubiri. Na ukirudisha, aliyelipa anapata ujumbe hapo hapo: zawadi yako imerudishwa. Msije mkasema sikuwaambia.”

Ujumbe. Nilimwona fundi huko aliko, yuko juu ya ngazi, mafuta mikononi, simu inalia mfukoni, anasoma. Zawadi yako imerudishwa. Atasikia nini kifuani?

“Tunasubiri,” alisema Kasuku haraka.

Ukucha akavuta kibodi.

Nilijua kitakachofuata kama ninavyojua mikunjo ya shati. Jumamosi wazee watakuja, mimi nitainama. Siku itawekwa. Jioni fundi atapiga, Kasuku ataegemea ukuta. Siku ya harusi mwanaume atafungua mlango wa chumba akimtafuta mtu aliyemchekesha, atanikuta mimi. Na mimi nitatazama ndoo.

“Narudisha,” nilisema.

Ukucha aliendelea kuandika.

“Narudisha.”

“Nani kaongea?” alisema bila kuinua macho.

“Hakuna,” alisema Kasuku. Mkono wake ulinishika kifundo cha mkono, ukabana. “Dada, usifanye hivyo. Mama atatuua.”

“Narudisha simu.”

Sasa Ukucha alitazama. Alitutazama sote wawili kama mtu aliyeletewa chenji pungufu.

“Simu ni ya nani?”

“Yetu,” alisema Kasuku.

“Yangu,” nilisema mimi.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea mbele ili asikie vizuri.

“Wazee wanakuja Jumamosi!” Kasuku alisahau kwamba tuko mbele za watu. “Atadhani umemkataa! Kila kitu kitakufa leo, hapa, mbele ya hawa watu! Hivyo ndivyo unavyotaka?”

“Kama atauliza kwa nini, nitamjibu.”

“Wewe? Wewe umjibu?” Alicheka, kicheko kilichovunjika katikati. “Kwa mdomo upi?”

Maneno yale yaliniingia, na hakukuwa na wa kunitetea. Hata yule mama mwenye mtoto alinionea huruma, nikaiona huruma yake.

Ukucha aliweka kidole juu ya kibodi. “Dada mdogo, nikibonyeza haifutiki.”

“Mimi ndiye mkubwa,” nilisema. “Bonyeza.”

Akabonyeza.

Hapakuwa na mlio wowote. Simu iliingia kwenye boksi, boksi likaingia chini ya kaunta, na mteja wa nyuma akasema, “Haya, tusogee basi.”

Tulikuwa hatujafika mlangoni simu ndogo ya Kasuku ilipoita.

Tukatazamana. Nilinyoosha mkono. Alirudi nyuma hatua moja, akaipokea yeye.

Simu ile ni kuukuu, sauti yake inavuja. Nilisikia kila neno, na nilisikia pia jinsi alivyokuwa anahema, kama aliyekimbia ngazi.

“Nimepata ujumbe,” alisema fundi. “Umerudisha zawadi yangu.”

“Mpenzi, ngoja...”

“Mama yuko hapa. Nguo za safari ziko kitandani. Jana ulisema nisijali. Leo umerudisha. Niambie tu nijue moja. Hunitaki?”

Kasuku alinitazama. Niliona amebeba mzigo mkubwa kuliko mimi, maana yeye alikuwa na maneno na hakuwa na haki nayo. Kwa kitambo kidogo nilidhani atanipa simu.

“Siyo mimi niliyerudisha!” alisema. “Mpenzi, nisikilize. Kuna msichana tunaishi naye hapa nyumbani. Ni bubu. Nilimtuma dukani akasubirie nyingine, hakuelewa, akairudisha. Siyo mimi!”

“Bubu?” alisema fundi. “Miezi yote hii hujawahi kunitajia bubu yeyote.”

“Ni mtu wa kuonea huruma tu. Hana habari. Hata mwambie nini, hajui.”

Akafumba macho aliposema hivyo. Nadhani alijisikia mwenyewe. Machozi yakamshuka na bado sauti yake ilikuwa tamu, na hicho ndicho kilichonifanya nisimchukie hata pale.

“Mwanangu,” sauti ya mama mkwe ikaingia kutoka mbali, “mwambie akupe huyo bubu. Kama hayupo, tutajua.”

“Mama, bubu ataongea nini?” aliuliza Kasuku.

“Mpe tu,” alisema fundi, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. “Mpe simu. Hata aheme tu. Nataka kujua yupo.”

Kasuku aliganda. Vidole vyake havikunipa simu, lakini havikunizuia. Niliichukua kama unavyochukua kikombe kutoka kwa mtoto aliyelala.

Ilikuwa ya moto, na ilikuwa imelowa machozi yake. Watu wa dukani walikuwa wametuzunguka. Koo likaanza kuziba, pale pale linapoziba siku zote, chini ya kidevu, kama mtu anakaza kifungo.

“Haya,” alisema fundi. “Nakusikiliza.”

“Mimi si bubu,” nilisema. “Mimi ndiye uliyeniposa. Uliyekuwa unaongea naye ni binamu yangu, na usimlaumu, nilimwachia mwenyewe. Nina woga wa watu. Nakuogopa hata wewe, na sasa hivi natetemeka. Lakini nimekusikiliza kila jioni, na ninakutaka.”